Wekundu Wanaobaki Kwenye Kitambaa

Mwalimu Kimaiyo alikuwa hajamaliza chapati yake ya kwanza alipotangaza kwamba kesho Gredi ya Nne wangeshuka bwawani kujifunza. Alitangaza mdomo umejaa, kwa ile furaha ya kijana aliyeajiriwa juzi na ambaye kazi bado haijamchosha. Njoki, mwenye hoteli, alikuwa akimmiminia chai. Mkono ulimteleza, chai ikajaa kwenye kisahani.

"Pole, Mwalimu. Dam gani hiyo?"

"Si hii yetu ya hapa chini, Mama Shiko. Watoto wanasoma chura kwa kitabu, na chura wanawapigia kelele hapo nyuma ya darasa. Hiyo si ni aibu?"

"Ni aibu," Njoki akasema, akapangusa meza ambayo haikuwa na uchafu.

Ilikuwa hoteli ndogo ya mabati kwenye senta moja nje ya Mau Narok, mahali pa baridi ambapo mtu hashiki jembe kabla hajashika kikombe. Ukutani paliandikwa kwa rangi ya buluu: CHAI MOTO, MAJI SAFI YA KISIMA. Maneno hayo yalikuwa ya kweli siku yalipoandikwa. Kisha pampu ya kisima cha kanisa ikaharibika, kamati ikakutana, ikaomba, ikakutana tena, na maji yakawa ni yale ya Kahiga, aliyeyaleta kwa punda kutoka kisima cha mbali na kuyauza kama dawa. Ukiyapikia chai hayo, faida yote inakwenda kwa punda. Ndipo asubuhi moja Njoki akashuka bwawani kutafuta maji ya kuoshea vikombe tu. Makosa hayaji na ngoma. Huanza na vikombe. Baadaye yakawa maji ya maharagwe, halafu ya chai.

"Maji yakichemka hayana dhambi," alimwambia mumewe Jamleck, mpakiaji wa viazi kwenye malori. Jamleck hakubisha. Hakuwa mtu wa kubishana na aliyempakulia.

Binti yao Shiko, wa miaka kumi, ndiye aliyeandamana na mama yake alfajiri, akibeba mtungi mdogo. Njoki hakuwahi kumwambia kwamba jambo hilo ni siri. Angemwambiaje? Kumwambia mtoto "usiseme" ni kukiri kwamba kuna la kusemwa. Basi alinyamaza, akadhani mtoto naye atanyamaza, akasahau kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata.

"Shida ni moja," Mwalimu aliendelea. "Shule inataka mzazi asimame na sisi pale, juu ya mambo ya maji. Na wazazi wote wako shambani wanang'oa viazi."

"Nitakuja mimi," Njoki akasema kabla Mwalimu hajamaliza.

Mwalimu akamtazama kwa heshima. "Wazazi kama wewe wako wachache." Akaomba kikombe cha pili, na Njoki akasimama pale akimwangalia akikinywa chote.

Bwawa lilichimbwa zamani na mzungu mmoja, eneo hilo lote lilipokuwa shamba lake, kwa ajili ya ng'ombe wake. Siku hizi lilikuwa la kila mtu, na cha kila mtu hakina mwenyewe. Kondoo walikunywa upande mmoja, wanawake waliosha karoti upande wa pili, na kwenye kona ya matete kulikuwa na jiwe bapa ambapo maji yalitulia. Njoki alisimama mbali na jiwe hilo kadiri alivyoweza.

Watoto walikuja kwa mstari, sweta za kijani na gambuti, kila mmoja na mkebe wake au chupa ya jemu. Mwalimu akafunga kamba wasiivuke, kisha akatoa mfukoni kioo cha kukuzia.

"Hii itashikwa na mtu ameona kitu wengine hawajaona," akasema.

Walilala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, matako juu, vichwa vikikaribia maji. Mmoja akaona wadudu wanaotembea juu ya maji bila kuzama, akawaita wenzake kwa kelele kama aliyeona ajali. Mwingine akapata konokono. Kereng'ende wa buluu akatua kwenye kofia ya Mwalimu na darasa zima likazuia pumzi. Hata Njoki alijisahau, akachungulia. Miezi yote hiyo alikuwa akija pale gizani, na hakuwahi kuona kwamba mahali penyewe ni pazuri.

Kigen, kijana mwenye sauti kubwa kuliko umri wake, akainua mkebe. "Nimeshika samaki! Ako na mkia!"

"Si samaki," Shiko akasema. "Huyo ni mtoto wa chura. Ngoja utaona, atatoa miguu za nyuma kwanza. Halafu mkia inaisha pole pole. Haikatikangi."

"Anaitwa kiluwiluwi," Mwalimu akasema. "Lakini hayo mengine umesoma wapi?"

"Sijasoma. Nimewaona." Shiko akapandisha mkono wa sweta, akapenyeza vidole chini ya matete na kuinua utando wa mayai, uliofanana na uji ulioganda wenye vidoa vyeusi. "Hawa ni wa juzi. Wakubwa wako huko kwenye jua inafika."

Mwalimu akachuchumaa kando yake, akauliza hili na lile, kama mtu anayetaka kujua kweli na si kama mtu anayepima. Mtoto akajibu yote. Mwishowe Mwalimu akampa kioo, na Shiko akakipokea kwa mikono miwili. Njoki alimwona binti yake anang'aa mbele za watu, fahari ikampanda, ikamziba macho. Ndiyo maana hakuona lililokuwa linakuja.

"Na hawa wekundu?" Mwalimu alikuwa ameinua chupa yenye vidudu vyembamba kama uzi, vinavyojikunja na kujikunjua. "Hawa hata mimi siwajui vizuri."

"Hao hukaa kwa matope, hapo karibu na jiwe. Ndio hubaki kwa kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Ya mami. Ya kuchuja maji ya hoteli." Shiko hakuinua kichwa, jicho lilikuwa bado kwenye kioo. "Mimi huwarudisha kwa dam, ndio wasiingie kwa sufuria wakufe."

Kisha mtoto mmoja nyuma akapasuka: "Mwalimu hukunywa chai huko!" Darasa zima likaangua kicheko, wengine wakajiviringisha kwenye nyasi. Mwalimu hakucheka. Aligeuka polepole akamtazama Njoki, na mkono wake ulikuwa tumboni bila yeye kujua kwamba ameuweka hapo.

Njoki angeweza kusema kweli wakati huo. Lingekuwa jambo la mwalimu mmoja na watoto, na maji yaliyochemshwa vizuri. Lakini aliona benchi zake tupu, na yale maandishi ya buluu yakichekwa na kila apitaye.

"Shiko! Hiyo uongo umetoa wapi?"

Mtoto akainua kichwa. "Uongo gani, Mami?"

"Sisi hununua maji kwa Kahiga. Waambie."

Shiko akamtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake. Alikuwa anangoja mama yake acheke, ndipo ajue kwamba ni mzaha.

"Waambie ulikuwa unadanganya."

"Nilikuwa nadanganya."

"Ongea wasikie."

"Nilikuwa nadanganya," Shiko akasema kwa sauti.

Mwalimu akashusha pumzi. Alitaka kuamini, na anayetaka kuamini hahitaji kusukumwa sana. "Shiko, hapa tunasema tu kitu tumeona na macho. Usitunge vitu ndio usifiwe." Akanyoosha mkono. Shiko akamrudishia kioo, naye akampa Kigen, yule wa samaki.

Njoki aliona yote hayo. Alikuwa karibu vya kutosha kunyoosha mkono wake mwenyewe, na hakuunyoosha.

Hoteli ikapona. Habari ilifika senta kabla ya Njoki, lakini ilifika ikiwa imeshavunjika meno: mtoto wa Mama Shiko alisema ati chai inapikwa na maji ya dam, akabanwa akakubali ni uongo. Watu wakacheka, wakanywa. Obura, dereva wa lori la viazi, akapata wimbo wa kila asubuhi.

"Mama Shiko, mbona kikombe yangu haina chura leo? Umenipunja!"

Benchi lilicheka, Njoki akacheka nalo, na mashavu yakamuuma kwa kicheko kisicho chake.

Shuleni Shiko alipewa jina, Mama Chura. Hakulalamika. Hakusema chochote, na hilo ndilo lililomtia Njoki baridi. Zamani mtoto huyo alikuwa akifika nyumbani mdomo umetangulia miguu: kuna ndege ana taji, kuna siafu wamehama, kuna uyoga umeota kwa mlango wa choo. Sasa ukimuuliza mmesoma nini anakujibu, "Kawaida."

Alfajiri naye hakuamka tena, na mama yake hakuthubutu kumwamsha. Njoki alishuka peke yake. Alichuja maji, akabaki na kitambaa mkononi, wale wekundu wakijinyonganyonga juu yake. Alikuwa amezoea kukinyoosha nyuma kwa Shiko bila kuangalia na kurudishiwa kikiwa safi. Alikikung'uta kwenye nyasi akaondoka. Hatua chache mbele akarudi, akapiga magoti kwenye umande, akawatafuta kwa vidole, mtu mzima na akili zake. Hakuwapata.

"Umeokoa hoteli," Jamleck alisema aliposikia habari yote.

"Nilimfanya aseme uongo mbele ya watoto wenzake, Baba Shiko."

"Ulitaka aseme nini, ukweli? Tungekula huo ukweli?" Alikuwa akivua buti zenye udongo wa viazi, amechoka. "Kwani maji huchemshi?"

"Nachemsha."

"Basi."

Njoki alitamani agombezwe. Mkosaji akikosa wa kumgombeza hubaki kujigombeza mwenyewe, na huyo hana huruma.

Jumapili, akimsuka Shiko nje ya nyumba, alijikaza akaanza. "Shiko, ile siku ya dam..."

"Nilikuwa nadanganya, Mami," mtoto akasema upesi, bila kugeuka. "Si nilishasema?"

Vidole vya Njoki vikasimama katikati ya msuko. Akamaliza kusuka, na mistari ya kichwa ikatoka imepinda.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Mwalimu Kimaiyo alikuja na maombi mawili. Shule ilitaka Njoki apike chai ya wazazi wote, na yeye alitaka kuazima karai yake kubwa, aweke viumbe wa bwawani watoto wawaonyeshe wazazi wao.

"Na Shiko ataongea?" Njoki akauliza.

Mwalimu akakuna kichwa. "Shiko siku hizi hajui kitu, Mama Shiko. Hata vile alikuwa anajua, sasa hajui. Nikimuuliza anasema sijui. Kuna kitu nyumbani?"

"Hakuna," Njoki akasema. Alikuwa amezoea sasa. Uongo wa pili hauhitaji hata kumeza mate.

Lakini kwa chai hiyo alimwita Kahiga. Alijua itamlia faida yote, na akamwita. Punda alisimama mlangoni asubuhi na mapema, na Shiko ndiye aliyeshika mdomo wa pipa Kahiga akimimina.

"Leo ni ya kisima," Njoki alimwambia, kama anayempa zawadi.

"Sawa," Shiko akasema.

Wazazi walikaa kwenye nyasi za shule, viti vya plastiki mbele kwa wakubwa. Njoki alipita na birika, akawajazia vikombe. Walimsifu. Mzee Muiruri, mwenyekiti wa wazazi, alisema chai ya namna hiyo hata matajiri wa Milimani huko Nakuru hawaipati, na watu wakacheka kwa adabu.

Karai lilikuwa juu ya dawati, limejaa maji ya bwawa, na Kigen alisimama kando yake na kioo mkononi. Alionyesha viluwiluwi. Alionyesha konokono. Akafika kwa wale wekundu.

"Hawa ni watoto wa konokono," akatangaza. "Wakikua wanatafuta nyumba."

Mwalimu akakohoa. "Kuna mtu ako na jibu lingine?" Macho yake yalikwenda safu ya mwisho. "Shiko. Hawa wanaishi wapi?"

Shiko akasimama. Akatazama karai, kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa ameshika birika hatua chache kutoka hapo.

"Sijui, Mwalimu. Mimi sijawahi kuwaona."

Alisema vizuri. Hakusita, hakuangalia chini, wala sauti haikutetemeka. Kama Njoki hangekuwa anajua ukweli, naye angemwamini.

"Afadhali," akasema Namalwa, mzazi aliyekaa mbele. "Huyo si ndiye alikuwa anadanganya watu? Ameacha."

"Amefunzwa," Mzee Muiruri akaitikia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mtoto akifunzwa nyumbani utaona tu. Hongera, Mama Shiko."

Watu wawili watatu wakapiga makofi. Njoki akaweka birika chini.

"Anawajua," akasema.

Haikutoka kwa sauti kubwa, na wengi hawakusikia. Akarudia. "Anawajua hao wadudu. Wanakaa kwa matope, karibu na ile jiwe. Yeye ndiye alikuwa anawarudisha." Akamgeukia Namalwa. "Hakudanganya. Mimi ndio nilimwambia aseme amedanganya. Maji ya hoteli nimekuwa nikitoa dam, tangu pampu ikufe."

Hakuna aliyempigia kelele, na Njoki alikuwa amejitayarishia kelele. Namalwa alitazama ndani ya kikombe chake kwa muda, akakiinamisha, chai ikamwagika kwenye nyasi taratibu. Wa pembeni yake akafuata, kisha safu nzima. Mzee Muiruri alikuwa ameshamaliza yake. Aligeuka upande, akatema mate, akajifuta midomo kwa leso iliyokunjwa vizuri.

"Na hiyo karai si ndio ya kukandia chapati?" mtu akauliza nyuma. Hakuna aliyecheka.

Njoki alisimama mikono ikining'inia. Alitaka ardhi ipasuke, na ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka.

"Lakini ya leo si ya dam."

Ilikuwa sauti ya Shiko, na ilikuwa ile ya bwawani, ya kabla. "Leo ni ya Kahiga. Nilishika pipa akimwaga. Niliona."

"Nyamaza, mtoto," Namalwa akasema, bila ukali. "Tumeshawasikia."

"Niliona!"

"Ni kweli," Njoki akasema. "Ya leo ni ya kisima. Mtoto anasema kweli."

Safari hii kuna waliocheka. Chai iliendelea kumwagwa, chai safi, ya kwanza ya maji ya kisima kupikwa na mikono yake tangu alipoanza kuteka bwawani. Kumfanya mtoto mwongo kulimchukua dakika moja tu. Kumrudishia neno lake, Njoki alitambua sasa, hakukuwa katika uwezo wake, hata akisimama hapo mpaka jioni.

Mwalimu Kimaiyo alichukua kioo mkononi mwa Kigen. Uso wake ulikuwa umejaa aibu. Akamwendea Shiko, akamnyooshea.

"Karibu na jiwe, ulisema?"

"Eeh." Shiko alikitazama kioo, hakukipokea. Akapita kando yake, akaenda mpaka kwenye dawati, akatia kidole kwenye karai. "Maji imeanza kupata moto. Jua ikizidi hawa watakufa." Akashika sikio moja la karai, akavuta, likamshinda uzito. Akageuka.

"Mami, shika huko."

Njoki akaja, akashika sikio la pili. Wakalinyanyua pamoja, wakapita katikati ya viti, na watu wakavuta nguo zao kando wasirushiwe. Nyuma yao mtu alikuwa akiuliza ni nani atawarudishia pesa zao, na sauti ya Jamleck, aliyekuwa amefika kuchelewa, ikauliza kuna nini. Njoki hakugeuka. Aliharakisha kuelekea bwawani, na maji yakaanza kucheza na kuruka ukingoni.

"Polepole, Mami," Shiko akasema. "Unawamwaga."